Kwetu ni Wapi? Erica Fiah na Jina la Gazeti Lake

Historia ya magazeti ya Kiswahili hufundishwa mara nyingi kama orodha ya majina na miaka. Mwanafunzi huikariri, akajibu mtihani, akaisahau. Katika makala haya tunakusudia kulitazama gazeti moja tu katika orodha hiyo, nalo ni Kwetu, lililoanzishwa Dar es Salaam na Erica Fiah mwaka 1937. Twalitazama kutoka mbali kidogo, yaani kutoka ufuko wa Ziwa Mweru, wilayani Nchelenge, nchini Zambia. Huku Kiswahili ni lugha ya jirani, na swali la kwamba ni mali ya nani halijapata jibu. Twaamini kuwa jina la gazeti hilo lina la kutuambia juu ya swali hilo.

Kabla ya Kwetu, magazeti ya Kiswahili yaliyojulikana sana yalikuwa na wenyewe. Msimulizi, lililotoka Kiungani, Unguja, tangu mwaka 1888, lilikuwa la misheni. Kiongozi la Tanga lilitoka katika shule ya serikali ya Wadachi. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa la serikali ya Waingereza. Waafrika waliandika humo habari, barua na mashairi, na wengine waliandika kwa ufasaha mkubwa. Lakini neno la mwisho halikuwa lao. Fiah alikuwa mwenye duka. Mwaka 1934 aliasisi chama cha ustawi na biashara cha Waafrika, na miaka mitatu baadaye akatoa gazeti lake mwenyewe. Hilo ndilo gazeti la kwanza la Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika, nalo lilidumu zaidi ya miaka kumi. Humo malalamiko ya wakazi Waafrika wa mji yalipata pa kusemwa. Mawazo ya Marcus Garvey wa Jamaika, aliyewataka watu weusi wajitegemee kwa biashara na vyama vyao, yalimwathiri mhariri huyu.

Jambo linalotushughulisha zaidi ni hili: Fiah hakuwa mzaliwa wa Tanganyika. Alikuwa Muganda aliyehamia kutoka Uganda. Waganda walikwisha kuwa na magazeti kwa lugha yao. Sekanyolya, kwa mfano, lilianzishwa na Waganda waliokuwa Nairobi mwaka 1920. Naye Fiah aliandika kwa Kiswahili, lugha ambayo hakunyonya kwa mama yake, na juu ya ukurasa akaweka neno Kwetu.

Mhariri mgeni si jambo geni duniani. Karl Marx, kabla ya kujulikana kwa vitabu vyake, alikuwa mwandishi wa magazeti katika mji wa Köln. Gazeti lake la kwanza huko lilipigwa marufuku mwaka 1843. Mwaka 1845 aliuacha uraia wa Prusia, na mwaka 1848, wakati wa mapinduzi, akarudi Köln na kuanzisha gazeti jingine. Mwaka uliofuata watawala walimfukuza kwa hoja kwamba yeye ni mgeni. Toleo la mwisho, la tarehe 19 Mei 1849, lilichapwa kwa wino mwekundu. Ndivyo watawala wanavyoweza kufanya wakishindwa kumjibu mwandishi: huuliza ametoka wapi.

Sasa tulipime neno lenyewe. Kisarufi, kwetu ni kimilikishi cha -etu chenye kiambishi cha mahali ku-. Ukubwa wake hutegemea msemaji: laweza kuwa nyumba, kijiji, hata bara zima. Tena mtu hulitamka sana akiwa mbali na mahali penyewe. Kwa mhariri aliyetoka Uganda, neno hili halikuweza kumaanisha mahali alipozikwa kitovu chake. Katika ukurasa wa gazeti lilipata maana pana: ni pale mtu anapofanya kazi, anapolipa kodi na kudai haki yake, akiwa pamoja na wengine wasio wa kabila lake. Huu ndio ubora mkubwa wa Fiah.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kuutaja upungufu. Kwetu ya Fiah ilikuwa na mlango, na mlango huo ulijengwa dukani. Gazeti liliwashambulia wafanyabiashara wa Kihindi kwa ukali, kama kwamba asili yao ndiyo kosa lao. Twakubali kuwa uchungu huo ulikuwa na sababu. Sheria za kikoloni zilimfanya mfanyabiashara Mwafrika apate shida kukopeshwa, basi hakuweza kujaza rafu zake kama jirani yake. Lakini sheria hizo zilitungwa na serikali ya Waingereza, na hasira ikamwangukia aliye ng'ambo ya barabara. Huko Nairobi, Girdhari Lal Vidyarthi, Mhindi aliyechapisha pia gazeti la Kiswahili, Habari za Dunia, alifungwa na serikali hiyo hiyo katika miaka ya 1940 kwa kosa la uchochezi. Mtu wa namna hiyo angesimama upande gani wa mlango wa Fiah? Neno lililompokea Muganda lingeweza kumpokea na huyu.

Turudi Mweru. Kilwa ni kisiwa cha Zambia, na Kilwa ni mji wa Kongo katika ufuko wa pili. Jina ni lile lile la mji wa kale wa pwani. Katika karne ya 19 wafanyabiashara kutoka pwani walifika huku hadi kwa Mwata Kazembe, na Livingstone aliwakuta mwaka 1867. Walileta nguo na Kiswahili, wakaondoka na pembe za ndovu na watumwa. Kwa hiyo mzee wa huku akikitilia shaka Kiswahili, tusimwite mjinga. Lugha hii ilimfikia pamoja na minyororo.

Leo inatufikia kwa njia nyingine. Mwaka 1998 na miaka iliyofuata, vita vya Kongo viliwavusha wengi, na mwaka 2018 makazi ya wakimbizi ya Mantapala yalifunguliwa humu humu Nchelenge. Watoto wengi wa huko husema Kiswahili cha Katanga. Mwanafunzi akiandika batu, ni wajibu wetu kumfundisha kuwa Kiswahili sanifu ni watu. Lakini mwalimu atakayemcheka atakuwa amemwambia kuwa lugha hii si yake, na kwa mtoto aliyekwisha kupoteza kijiji hilo ni pigo la pili.

Basi twapendekeza kwa walimu wenzetu kwamba gazeti la Fiah lifundishwe kwa jina lake kwanza, mwaka wake baadaye. Wanafunzi waulizwe mhariri alimaanisha nani aliposema kwetu, na nani alimwacha nje. Kisha kila mmoja aandike insha yake kwa kichwa hicho hicho, na mtoto wa Mantapala asisahihishwe sentensi hata moja kabla insha yake haijasomwa yote.