Heko, wauza kahawa wa Dar es Salaam

Nawapongeza kwa moyo wote wauza kahawa wa Dar es Salaam, wale wa dele, makaa na vikombe vinavyogonganishwa hadi mtaa mzima usikie. Kahawa chungu, kashata mkononi, na benchi la Kariakoo linakuwa maktaba. Hapo kijana husikia kwamba pale ilipo Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa 1927, ilikuwapo ya gavana Mjerumani, Hermann von Wissmann, iliyoondolewa 1916 Waingereza walipoutwaa mji. Husikia pia habari za mumiani, wanyonya damu ambao watu wa zama za ukoloni waliwahusisha na zimamoto. Mwenye dele hamharakishi mzee; humjazia kikombe, hadithi ikaendelea. Wapangaji wa mji wawaachie kona zao.