Tasnifu Inapima Nini? Uhakiki wa Upimaji wa Matokeo ya Ujifunzaji katika Shahada ya Uzamili ya Elimu, kwa Mtazamo wa Tingi, Wilaya ya Nyasa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki namna vyuo vikuu vya Tanzania vinavyopima kile alichojifunza mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya elimu, hususani mwalimu anayejiendeleza katika Kiswahili na fasihi yake. Mkazo umewekwa katika tasnifu, kwa kuwa ndiyo chombo kikuu cha upimaji katika ngazi hiyo. Hoja inayotetewa ni kwamba tasnifu, kwa jinsi inavyosahihishwa sasa, hupima vema utii wa mwanafunzi kwa umbo lililozoeleka, lakini hupima kwa udhaifu mkubwa iwapo mwanafunzi huyo amejua jambo ambalo hakulijua awali. Mwandishi amefundisha shule ya sekondari katika kata ya Tingi, na hapo ndipo alipokusanya data ya tasnifu yake ya uzamili. Kwa hiyo uhakiki huu haumwachi nje yeye mwenyewe.

2.0 Ahadi Iliyoandikwa

Ahadi ya vyuo vikuu vyetu iko wazi. Mwaka 2012 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ilitoa mfumo wa tuzo wenye ngazi 10, ambamo shahada ya uzamili imewekwa ngazi ya 9 na ya uzamivu ngazi ya 10. Kila ngazi inaelezwa kwa maarifa, stadi na umahiri ambao mhitimu anatarajiwa kuwa nao. Miaka 3 baadaye Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, lilikuwa na mfumo wa kikanda unaofuata mkondo huohuo. Nyuma ya mifumo hii kuna fikra ambayo John Biggs aliipa umbo bayana mwaka 1996: kinachotarajiwa, kinachofundishwa na kinachopimwa sharti vilingane. Chombo cha upimaji kikiuliza jambo jingine, mwanafunzi atajifunza jambo hilo jingine, hata kama mtalaa umeandikwa kwa ufasaha kiasi gani.

Fikra hiyo ikichukuliwa kwa uzito, kitu cha kwanza cha kuhakikiwa ni vitenzi. Tangu Bloom na wenzake walipochapisha ngazi zao za malengo ya elimu mwaka 1956, na hasa baada ya ngazi hizo kurekebishwa mwaka 2001, waandaaji wa mitalaa wamezoea kuandika kila tokeo kwa kitenzi kinachopimika. Katika Kiswahili tumejipatia msururu wetu: kubainisha, kufafanua, kuchambua, kutathmini. Mtahiniwa wa uzamili huweka malengo mahususi matatu, na vitenzi vyake hupanda kama ngazi: lengo la kwanza linabainisha, la pili linafafanua, la tatu linatathmini. Lakini msomaji anapofika sura ya nne, mara nyingi hukuta vitenzi vyote vitatu vimetekelezwa kwa kitendo kimoja, nacho ni kuorodhesha. Aina za nyimbo zimeorodheshwa, dhima zake zimeorodheshwa, na tathmini ni orodha ya tatu inayorudia mbili za kwanza. Mtahini mwenye fomu mkononi huona malengo matatu na majibu matatu, akaweka alama.

Ifahamike kwamba kitenzi "kuchunguza", ambacho hutawala vichwa vya tasnifu zetu, si tokeo la ujifunzaji hata kidogo. Ni shughuli. Mtu anaweza kuchunguza mwaka mzima asijue kitu.

3.0 Jaribio la Kuondoa Jina la Mahali

Pana jaribio rahisi ambalo mwandishi amelitumia katika kusoma tasnifu za fasihi simulizi, na analipendekeza kwa watahini. Chukua sura ya nne. Funika kwa karatasi kila mahali palipotajwa jina la jamii, kata na wilaya. Kisha jiulize: je, kuna aya ambayo haiwezi kuhamishiwa Ukerewe, Newala au Makunduchi bila kubadilishwa neno?

Tasnifu ya mwandishi ilishindwa jaribio hili. Ilihusu dhima ya nyimbo katika jamii ya Wamatengo waishio Tingi, na iliongozwa na Nadharia ya Uamilifu. Ilihitimisha kwamba nyimbo huelimisha, huburudisha, huonya na huhifadhi utamaduni. Yote hayo ni kweli. Pia yote hayo yalijulikana kabla mwandishi hajapanda gari kutoka Mbinga, kwa sababu nadharia yenyewe husema kila kijenzi cha jamii kina kazi yake. Data haikuweza kuikana nadharia wala kuikubali. Ilikuwa mapambo yake. Ikiwa hitimisho lingeandikwa vilevile bila mtafiti kwenda uwandani, basi tasnifu hiyo haikupima utafiti. Ilipima uwezo wa kuandika kama mtafiti.

Jaribio hili hufanya kazi hata katika mambo madogo. Wilaya ya Nyasa, yenye makao yake makuu Mbamba Bay, ilimegwa kutoka wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Mtahiniwa anayenakili usuli wa kazi ya zamani ataiweka Tingi wilayani Mbinga, na atasema wakazi wa eneo lote la mwambao ni Wamatengo. Aliyefika atajua kwamba ukishuka kutoka milimani kuelekea ziwani unakutana na Wampoto na Wamanda, na kwamba Kimatengo, Kimpoto na Kimanda ni lugha jirani ambazo watu huzichanganya katika sentensi moja wakiwa sokoni. Kosa la namna hiyo si la jiografia tu. Linaonesha kwamba tokeo la msingi la ngazi ya 9, yaani uwezo wa kutafiti kwa kujitegemea, halikufikiwa, hata kama jedwali la wahojiwa limepangwa vizuri kwa umri na jinsi.

4.0 Data Isiyoweza Kukaguliwa

Udhaifu mkubwa zaidi uko katika lugha ya data. Tasnifu inaandikwa kwa Kiswahili, na hilo ni jambo la kujivunia: sera ya elimu na mafunzo ya mwaka 2014 ilikipa Kiswahili nafasi katika ngazi zote, na idara za Kiswahili zimekuwa zikitekeleza hilo bila kusubiri sera. Lakini wimbo ulikusanywa kwa Kimatengo. Kati ya kinywa cha mwimbaji na macho ya mtahini pana tafsiri, na tafsiri hiyo ameifanya mtahiniwa peke yake, mara nyingi usiku, akiwa na kinasa sauti cha simu. Katika tasnifu nyingi matini ya awali haionekani kabisa, au huonekana mistari miwili mitatu kwa ajili ya ushahidi. Msimamizi aliyeko Dar es Salaam au Dodoma hana namna ya kujua kama neno limefasiriwa sawasawa. Mtahini wa nje naye hana. Wanasahihisha Kiswahili cha mtahiniwa na kuamini kwamba wanasahihisha data yake.

Mfano mmoja utatosha. Wamatengo wanajulikana kwa kilimo cha ngolo, yale mashimo yanayopangwa kama masega ya nyuki katika miteremko mikali. Majani yaliyofyekwa hulazwa kwa mistari inayokatana, kisha hufukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati, hadi panabaki shimo lililozungukwa na tuta pande zote. Mvua ikinyesha maji hutuama shimoni badala ya kuporomosha mlima, na majani yakioza hurutubisha tuta la maharagwe na mahindi. Kazi yenyewe imegawanywa: wanaume hufyeka na kulaza majani, wanawake hufukia. Kila hatua ina msamiati wake. Msamiati huo umewavutia wataalamu wa mbali. Nobuko Yoneda alichapisha msamiati wa Kimatengo mjini Tokyo mwaka 2006. Katika tasnifu ya mwandishi, hatua zote hizo ziliitwa "kulima".

Kutokana na neno hilo moja likazaliwa kosa jingine. Wimbo mmoja uliorekodiwa katika sherehe uliingizwa katika kundi la nyimbo za harusi. Ukachambuliwa kwa kurasa tatu, ukaelezwa kuwa unamwasa bibi harusi kuvumilia ndoa. Mwaka mmoja baada ya mahafali, mwandishi alimsomea sehemu hiyo bibi mmoja aliyezaliwa Umatengo wa juu na kuolewa Tingi. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka, akasema: "Mwanangu, huo tuliimba tukifukia ngolo. Harusini wameuazima tu." Anayeaswa kuvumilia, kumbe, ni mwanamke aliyeachiwa mteremko mzima aufukie peke yake kwa sababu mume amelaza majani mengi kuliko nguvu za mke. Si wasia wa ndoa. Ni lawama, na inaimbwa mume akiwa karibu ili asikie.

Tasnifu hiyo ilifaulu. Katika utetezi wake, chuoni ambako hakuna haja ya kutajwa, mtahiniwa aliulizwa maswali mengi kuhusu njeo ya vitenzi katika sura ya tatu, upana wa pambizo, na kwa nini hakutaja sampuli lengwa kabla ya sampuli nasibu. Hakuna aliyemwomba aimbe.

5.0 Utetezi wa Umbo

Haitakuwa haki kuishia hapo. Umbo la sura tano lina watetezi, na hoja zao zina uzito. Kwanza, linamlinda mwanafunzi. Mwalimu anayesoma kwa njia ya masafa, kama maelfu waliopitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania tangu sheria ya kukianzisha ya mwaka 1992, hukutana na msimamizi wake mara chache. Bila umbo linalojulikana angekuwa mateka wa hulka ya msimamizi: leo anaambiwa hivi, kesho vile. Pili, umbo linalinda usawa kati ya mtahini mmoja na mwingine. Tatu, hoja ambayo husemwa kwa sauti ya chini: mwalimu mwenye vipindi vingi kwa wiki, anayegharimia utafiti kwa mshahara wake, hawezi kudaiwa kazi ya mwanaanthropolojia mwenye ruzuku.

Hoja mbili za kwanza mwandishi anazikubali. Ya tatu anaikataa, kwa sababu mwalimu wa Tingi ana kitu ambacho mwenye ruzuku hununua kwa miaka: anaishi hapo. Tatizo ni kwamba chombo cha upimaji hakimpi alama hata moja kwa kuishi hapo. Alama zipo kwa mapitio ya kazi tangulizi, ambayo yeye, mwenye mtandao wa kusuasua, huyafanya kwa shida kuliko wote. Hivyo chombo kinampima pale alipo dhaifu na kumsamehe pale alipopaswa kudaiwa zaidi.

Yanayoweza kubadilishwa si mengi wala si ya gharama. Matini yote ya awali iwekwe kiambatishoni katika lugha yake, pamoja na sauti iliyorekodiwa, na mtahini mmoja kati ya waliopo awe na uwezo wa kuisoma lugha hiyo au amtumie mzawa anayeijua. Mtahiniwa arudishe sura ya nne kwa waliompa data kabla ya kuikabidhi, na aeleze walichopinga. Katika utetezi, aulizwe ni jambo gani aliloamini alipoandika pendekezo lake ambalo uwanda ulilikanusha. Asiyekuwa na jibu kwa swali hilo la mwisho arudi uwandani, hata kama pambizo zake zimenyooka.

6.0 Darasani

Limebaki eneo ambalo upimaji wetu haufiki kabisa. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya ualimu hukaguliwa akiwa mbele ya wanafunzi wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mwenye uzamili wa elimu hakaguliwi na mtu, ilhali ndiye anayerudi kufundisha fasihi simulizi kidato cha tatu na kuwaongoza walimu wenzake. Wazo la kumpima mtu kwa kazi pamoja na maandishi si geni kwetu. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ililalamikia utawala wa mtihani, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilijaribu kuupunguza. Utekelezaji ulikuwa na kasoro zake, nazo zinastahili makala nyingine.

Mwandishi aliporudi darasani alifundisha nyimbo za harusi kwa kutumia mfano wa tasnifu yake, ule wimbo wa kuvumilia. Wanafunzi waliunakili daftarini. Msichana mmoja wa nyuma aliinua mkono na kusema nyumbani kwao huimbwa shambani. Mwalimu alimjibu kwamba utafiti umeonesha vinginevyo.