Slaidi za 3D: Kazi Iko Mezani na Kwenye Pazia

Mwaka 1947 kampuni ya David White ya Milwaukee, Marekani, ilianza kuuza Stereo Realist, kamera iliyobuniwa na Seton Rochwite. Ilikuwa na lenzi mbili zilizoachana kwa takriban milimita 70, na ukibonyeza mara moja ilipiga picha mbili kwenye filamu ya milimita 35: ya jicho la kushoto na ya jicho la kulia. Kwa mtazamaji mmoja, kifaa cha kuchungulia kilitosha. Ugumu ulianza pale mwenye slaidi alipotaka ndugu na majirani wazione kwa pamoja.

Projekta ya kazi hiyo nayo ilikuwa na lenzi mbili, na picha zote mbili ziliangukia mahali pamoja kwenye pazia. Mbele ya kila lenzi palikuwa na kichujio kinachopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu. Vichujio hivyo viliinamishwa nyuzi 45, kila kimoja upande wake, na miwani ya watazamaji ikapangwa vivyo hivyo. Kila jicho likapata picha yake na kunyimwa ya mwenzake. Karatasi hizo za vichujio ni uvumbuzi wa Edwin Land, mwanzilishi wa Polaroid, na ndizo zilizookoa rangi za filamu ya Kodachrome. Miwani ya nyekundu na buluu ingeziua.

Wengi hukwamia kwenye pazia. Shuka jeupe au ukuta wa chokaa hutawanya mwanga na kuvuruga mwelekeo wake. Picha ya kushoto huvujia jicho la kulia, na kila tawi la mti likaota kivuli pembeni. Linalofaa ni pazia lenye rangi ya fedha iliyochanganywa na unga wa alumini, kwa kuwa metali hurudisha mwanga bila kuuvuruga. Tena huurudisha kwa nguvu, na nguvu hiyo inahitajika: vichujio vya projekta peke yake hula zaidi ya nusu ya mwanga. Lakini aliyekaa pembeni huona picha imefifia, na anayeinamisha kichwa huona picha mbili. Ndiyo maana onyesho hili linawafaa watu wachache, walioketi katikati.

Hata hivyo, kazi ngumu kuliko zote hufanyika mchana, mezani, wakati wa kuweka vipande vya filamu kwenye fremu. Macho yetu huweza kugeukia ndani kutazama kitu cha karibu. Hayakuumbwa moja lipande na jingine lishuke. Ukikuza filamu mara 60, kosa la kimo la nusu milimita kati ya vipande viwili huwa sentimita tatu kwenye pazia, na kichwa cha mtazamaji kitaanza kuuma kabla hajajua kwa nini. Vilevile, vitu vya mbali kabisa visiachane kwenye pazia kupita nafasi iliyo kati ya macho, yaani kama milimita 65, la sivyo macho yatalazimishwa kutazama nje. Kosa dogo unaweza kulirekebisha kwenye projekta, lakini ukirekebisha kila slaidi mbele ya wageni unawachosha bure.

Kwa hiyo, kabla hujawaita watu, vaa miwani, kaa katikati, fumba jicho moja kisha jingine. Slaidi inayoonyesha kivuli, au ambayo upande mmoja umepanda kuliko wa pili, irudishe mezani.