Je, Maneno Huchakatwa?

Neno "uchakataji" limeenea upesi katika masomo ya kompyuta, na "uchakataji wa maneno" umekwisha kuwa kichwa cha somo. Hatuna ugomvi na wenye kubuni istilahi. Lakini tusomapo maelezo yanayotolewa chini ya kichwa hicho, twaona yamemwacha mwalimu wa Kiswahili njiani.

Kuchakata ni kugeuza malighafi: mkonge huchakatwa ukawa nyuzi. Wafaransa husema "traitement de texte", na huo ndio msemo aufahamuo zaidi mwalimu wa Gishubi, mkoani Gitega, kwani masomo mengi ya shule za juu nchini Burundi hutolewa kwa Kifaransa. Misemo yote miwili hutufanya tudhani kwamba programu ya kuandikia huyajua maneno. Sivyo, amri zake za kawaida hushika herufi tu.

Na tujaribu. Andika "Kitabu changu kizuri kimepotea", kisha iamuru programu itafute "kitabu" na kuweka "daftari" mahali pake. Itakupa bila haya: "Daftari changu kizuri kimepotea". Langu, zuri na limepotea ni kazi yako. Mwanafunzi wa Gishubi hatahitaji maelezo mengi, kwa kuwa Kirundi chake nacho kina ngeli na upatanisho. Au ibadili "kati" kuwa "baina" katika insha nzima, bila kuitaka ishike neno kamili: kila "katika" itageuka "bainaka", neno ambalo hakuna mzee aliyepata kulisikia.

Hatari kubwa zaidi ni mstari mwekundu. Programu iliyowekwa kukagua tahajia ya Kifaransa hupigia mstari karibu kila neno la Kiswahili, na mwanafunzi aliyezoea wino mwekundu wa mwalimu huamini kuwa amekosea. Asipoonywa, atafuta lililo sahihi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Ilikuwa hatua njema, ingawa menyu ya Kiswahili si sarufi ya Kiswahili.

Sisi twapendelea "uandishi kwa kompyuta", jina lisilo na makeke, limwachalo mwandishi mahali pake. Na somo la kwanza liwe hilo la daftari: wanafunzi wabadili neno moja kwa mashine, kisha wamalizie upatanisho kwa mikono yao, huku mwalimu akiuliza kila kiambishi kimetoka wapi.