Uhakiki wa Vigezo vya Kuoanisha Maneno katika Ulinganishi wa Runyambo na Lugha Jirani

Runyambo huzungumzwa katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja. Guthrie aliipa namba E21 na Ruhaya akaipa E22. Hata hivyo, wapo wanaoiona Runyambo kuwa lahaja tu ya Ruhaya. Siku hizi hoja hiyo hujengwa kwa asilimia zinazotolewa na programu za kompyuta. Asilimia hizo hutegemea kigezo alichokiweka mtafiti kabla ya neno la kwanza kulinganishwa, na kigezo hicho hakielezwi inavyostahili.

Kipimo kinachotumika sana ni kile cha Levenshtein cha mwaka 1965, kinachohesabu herufi za kuongeza, kufuta au kubadili. Kikiachwa kilivyo, *omuntu* hutofautiana na *mtu* la Kiswahili kwa hatua tatu, lakini hutofautiana na *omuti*, yaani mti, kwa hatua mbili. Kwa hesabu hiyo binadamu yu karibu zaidi na mti kuliko na binadamu mwenzake.

Marekebisho ya kwanza ni kuilazimisha programu ilinganishe maneno yenye maana moja pekee. La pili ni kuondoa irabu tangulizi na kiambishi cha ngeli, ili *-ntu* ikabiliane na *-tu*. Hapa pana hasara: ushahidi wa ngeli hutupwa pamoja na kiambishi, ilhali ungeweza kuhifadhiwa katika safu yake.

Tahajia nayo hupotosha. *Ebitoke* na *ebitooke* ni neno moja. Mwandishi mmoja ameonyesha urefu wa irabu, mwingine hakuonyesha. Programu huihesabu tofauti ya kalamu kuwa tofauti ya lugha. Isitoshe, neno hilo halimo kabisa katika orodha ya Swadesh ya maneno 100, ingawa ndizi ndiyo chakula kikuu cha eneo hili.

Kinyume chake, *ekitabo* na *kitabu* huoana vizuri mno. Ufanano huo umetokana na ukopaji, kwani asili ya neno ni Kiarabu, hauthibitishi nasaba. Maneno ya namna hiyo yatengwe kabla ya hesabu.

Kwa hiyo, asilimia isiyoambatana na maelezo ya vigezo hivi haitoshi kuamua kama Runyambo ni lugha au ni lahaja, hata ikiwa na desimali mbili.