Soko Bila Mfagiaji: Istiari katika Utafiti wa Programu za Kompyuta

Kila taaluma ina istiari zake, na istiari ikizoeleka hugeuka kuwa hoja. Jambo hili ladhihirika katika maandishi yanayochunguza jinsi watu wengi, aghalabu wasiojuana hata kwa sura, wanavyoshirikiana kuandika programu moja ya kompyuta na kuitunza. Yafaa basi istiari hizo zipimwe kwa swali moja: je, zinamwonyesha yule anayebaki kufagia wengine wakishaondoka?

Frederick Brooks, aliyesimamia uandishi wa programu endeshi OS/360 katika kampuni ya IBM, alishika msimamo wa tahadhari katika kitabu chake The Mythical Man-Month (1975). Kuongeza watu katika kazi iliyokwisha kuchelewa, asema, ni kuichelewesha zaidi. Hesabu yake ni nyepesi: watu 3 wana njia 3 za kupashana habari, lakini watu 10 wana njia 45. Wahenga walikwisha kusema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Wala Brooks hakuusahau utunzaji. Alikadiria kuwa gharama ya kuitunza programu itumiwayo na wengi hufikia asilimia 40 ya gharama ya kuiunda, au hata kuzidi. Lakini watu wake ni waajiriwa, na kwa hiyo hakulazimika kuuliza ni nani atakayemlipa mtunzaji.

Eric Raymond aliijibu tahadhari hiyo katika insha yake The Cathedral and the Bazaar, iliyosomwa hadharani mwaka 1997 na kutolewa kitabu mwaka 1999. Humo analinganisha kanisa kuu, linalojengwa faraghani na mafundi wachache, na soko lenye makelele ambamo kila mtu huleta alicho nacho. Mfano wake mkuu ni Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991. Raymond ashikilia kwamba wachunguzi wakiwa wengi, kila kasoro itampata wa kuitambua.

Insha hii ina mvuto, na mafanikio ya Linux yanaipa nguvu. Walakini, soko la Raymond ni soko la asubuhi tu. Kila alijuaye soko anajua kwamba jioni huja, na maganda na taka hubaki. Pasipo mfagiaji na mlinzi, siku ya tatu hapaingiliki. Ajabu ni kwamba Raymond mwenyewe aliligusa jambo hili. Programu yake fetchmail ilitokana na nyingine, popclient, aliyoirithi kwa mtu aliyekwisha kupoteza hamu nayo. Naye akafundisha kwamba anayeiacha kazi ana wajibu wa kumkabidhi mrithi anayeiweza. Hapo ndipo penye kiini cha mada nzima, lakini mwandishi anapita bila kuuliza: mrithi asipopatikana je? Akipatikana mwovu je?

Maswali hayo yamejibiwa na matukio. Mwezi Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda siri za mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti. Kasoro hiyo ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho kwa zaidi ya miaka miwili, lakini waliopita walikuwa wengi, na aliyeajiriwa kuitunza programu kwa muda wake wote alikuwa mmoja tu. Mwezi Machi 2024 likaja la xz. Mtunzaji aliyeelemewa alikuwa amempa nafasi msaidizi aliyejiita Jia Tan, ambaye baada ya kujenga imani kwa miaka kadhaa alipenyeza mlango wa siri. Mhandisi Andres Freund aliugundua kwa sababu tu alishuku ucheleweshaji wa kama nusu sekunde.

Nadia Eghbal anastahili sifa kwa kumrudisha mtunzaji jukwaani. Katika Roads and Bridges (2016) analinganisha programu hizi na barabara na madaraja. Katika Working in Public (2020) baadhi yake anazifananisha na uwanja wa michezo, wachezaji wachache na watazamaji tele. Picha zote mbili zina ukweli, ila nazo zina ufa. Barabara ina hazina ya serikali nyuma yake. Programu hizi nyingi hazina. Mtazamaji wa uwanjani humwona mchezaji na hununua tikiti. Maelfu waliotumia xz hawakujua hata kwamba kuna mchezo.

Jambo hili lawahusu pia wanaokishughulikia Kiswahili. Mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na msamiati mwingi wa kompyuta ukapata nafasi ya kutumika. Lakini tafsiri ya programu si kama ya riwaya, ambayo ikichapwa imekwisha. Kila toleo jipya huleta maneno mapya, na tafsiri isiyo na mtunzaji huchakaa pamoja na toleo lake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na utafiti unaohesabu wajenzi pasipo kuwahesabu wazibaji umesoma nusu tu ya habari.