Mawe Kumi kwa Siku

Mwaka 1968 Erich von Däniken wa Uswisi alichapisha Erinnerungen an die Zukunft, kitabu kinachodai kuwa wageni kutoka anga za mbali waliwahi kufika duniani, na kwamba majengo makubwa ya mawe yana alama za ujuzi wao. Waakiolojia wamelijibu dai hilo. Mimi nautazama uandishi wake, maana humo ndimo ilimo nguvu ya kitabu.

Silaha yake ya kwanza ni swali. Kila anapofika penye kudai ushahidi, mwandishi huuliza. Swali halikanushiki, kwa kuwa halijasema kitu. Msomaji ndiye anayejibu, na jibu alilojipa mwenyewe hulitetea kama lake. Toleo la kwanza la Kiingereza lilikuwa na alama ya kuuliza hata kwenye jina la kitabu. Baadaye alama hiyo ikaondolewa. Swali likageuka kauli, na hapo katikati hakuna kilichothibitishwa.

Silaha ya pili ni hesabu. Piramidi ya Khufu, huko Giza nchini Misri, anaipa mawe milioni mbili na nusu, kisha wajenzi anawakadiria mawe kumi kwa siku, tena kama kasi kubwa. Kazi inapita miaka 600, na msomaji anakata tamaa na binadamu. Angalia mpangilio: tarakimu ya kwanza haiko mbali na ukweli, kwani wataalamu hukadiria takriban milioni 2.3, nayo ndiyo inayoidhamini ya pili. Lakini hiyo kumi imetoka wapi? Haina chanzo. Ujenzi wa miaka 25 unadai mawe yapatayo 250 kwa siku, kazi ya kugawanywa kwa vikosi vingi. Kitabu kinahesabu kana kwamba kikosi ni kimoja.

Silaha ya tatu ni ukimya. Wajenzi wake ni umati usio na jina wala ratiba. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, timu ya mwakiolojia Pierre Tallet ilipata mafunjo ya Merer, msimamizi wa watu wapatao 40 waliosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza kwa ujenzi wa piramidi hiyohiyo, safari mbili au tatu kila siku kumi. Merer hashangai wala haulizi. Anaandika nani alikwenda wapi, siku gani, na kubeba nini. Katika sentensi zake kila kazi ina mtendaji.

Ukimya huo Afrika inaujua. Katika miaka ya 1890 mtafiti J. Theodore Bent aliwanyima Waafrika ujenzi wa magofu ya mawe ya Zimbabwe Kuu. Mwaka 1929 mwakiolojia Gertrude Caton-Thompson akaurudisha kwao kwa ushahidi wa uchimbaji wa kiakiolojia. Kwa hiyo ukisoma kitabu cha aina hii, usianze na wageni wa angani. Tafuta kwanza sentensi ambamo fundi ameondolewa, kwa maana mgeni huingizwa pale nafasi inapokuwa tupu.